Protégé: HermiT au ELK, na kazi isiyofaa kuzipa zote mbili

Programu ya Protégé ya Chuo Kikuu cha Stanford ni ya bure, na kwa kujenga ontolojia (maelezo rasmi ya dhana na uhusiano wao) kwa OWL 2, lugha ya kuziandika, bado ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Kuiweka kwenye kompyuta si kazi. Kazi ni kuchagua injini, yaani programu inayotoa hitimisho kutokana na ulichoandika, kwenye menyu ya Reasoner, maana kwa kuchagua injini unachagua pia mantiki utakayoitegemea.

HermiT, iliyoundwa Oxford, huja pamoja na Protégé 5. Inaelewa OWL 2 DL, mantiki pana ya OWL 2, yote: «au», ukanushaji, vikomo vya idadi, uhusiano wa kinyume. Ukivichanganya hivyo kwa wingi, inaweza kukwama kwa saa nzima. Usikimbilie kununua RAM. Punguza «au» na vikomo vya idadi, endesha upya, uone ni kauli ipi inayoilemea.

ELK imejengwa kwa ajili ya OWL 2 EL, mantiki finyu zaidi lakini yenye kasi ya ajabu. SNOMED CT, hazina ya istilahi za tiba yenye dhana zaidi ya 350,000, huipanga bila hata kumaliza dakika, mradi umeongeza kumbukumbu ya Java, ambayo Protégé huendeshwa juu yake, kwa mpangilio wa -Xmx. Hatari yake ni ukimya. Kauli ya <code>only</code> («pekee») au <code>max</code> («isizidi») huiruka, ikaacha onyo tu ambalo ni rahisi kulikosa kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya programu. Inachokihitimisha ni sahihi, lakini mgongano uliotegemea kauli iliyorukwa hutauona. Soma logi kila mara. Kwa ontolojia kubwa ya tiba au biolojia, anza na ELK. HermiT iache kwa moduli ndogo zinazohitaji idadi na ukanushaji.

Wengi huumia wanapozitumia injini hizi kukagua data. Tuseme <code>anaMama</code> ni uhusiano wa thamani moja, na Asha ameandikiwa mama wawili, Neema na Mwajuma. Utatarajia kosa, lakini HermiT itahitimisha kwamba Neema na Mwajuma ni mtu mmoja! Haijakosea: OWL haichukulii kuwa majina mawili ni watu wawili. Tangaza watu hao kuwa tofauti kwa <code>DifferentIndividuals</code>, ndipo mgongano utajitokeza. Vilevile, chanjo isiyoandikwa haimaanishi mtoto hajachanjwa. Kwa OWL jambo hilo halijulikani tu.

Swali la «nani hajachanjwa» lipeleke clingo, zana ya bure ya kutatua maswali kwa kanuni za mantiki kutoka Chuo Kikuu cha Potsdam, ambako lisiloweza kuthibitishwa huhesabiwa si kweli:

<code>hajachanjwa(X) :- mtoto(X), not chanjo(X).</code>

Usiondoe <code>mtoto(X)</code>. Bila hiyo, X haina pa kuchukua thamani, na clingo itaikataa kanuni kabla hata ya kuanza kutafuta jibu. Majina ya watoto yaandike kwa herufi ndogo pia, kwa sababu <code>Asha</code> yenye herufi kubwa husomwa kama kigeu.