Nyumba ya Familia ya Ibrahimu, Abu Dhabi: tathmini ya mgeni Mkatoliki

Katika kisiwa cha Saadiyat, Abu Dhabi, msikiti, kanisa na sinagogi vimejengwa kuizunguka bustani moja, kila jengo likiwa mchemraba wa mita 30 kwa urefu, upana na kimo, hivi kwamba anayefika kwa mara ya kwanza hatambui kwa mbali lipi ni la nani. Mahali hapo, palipofunguliwa kwa umma Machi 2023, panaitwa Nyumba ya Familia ya Ibrahimu (Wakatoliki tungesema Abrahamu). Kuingia ni bure, ila inafaa kuweka nafasi mapema kupitia intaneti na kuvaa mavazi ya heshima.

Chanzo chake ni Hati ya Udugu wa Kibinadamu, ambayo Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar (msikiti na chuo mashuhuri cha Kiislamu huko Cairo), Ahmed el-Tayeb, waliitia sahihi mjini humo tarehe 4 Februari 2019. Msikiti una jina la imamu huyo. Kanisa ni la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1219, vita vya msalaba vikiwa vimepamba moto huko Damietta, Misri, alivuka upande wa pili bila silaha akazungumze na Sultani al-Kamil. Sinagogi lina jina la Musa bin Maimuni, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi.

Shaka yangu ilikuwa kwamba usawa wa namna hii ungezaa dini moja ya mseto isiyo na ladha. Msanifu David Adjaye ameiepuka hatari hiyo kwa jambo ambalo mgeni mwenye haraka halioni: majengo hayaelekei upande mmoja. Msikiti unaelekea Makka, sinagogi Yerusalemu, kanisa mawio ya jua. Bustani ni ya wote, lakini kila nyumba ina ibada yake. Ndivyo linavyofundisha Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki) la tarehe 28 Oktoba 1965: Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, na papo hapo lina wajibu wa kumtangaza Kristo. Wanaodhani kwamba sehemu ya kwanza inaifuta ya pili hawajausoma ukurasa hadi mwisho, na wanaoliogopa tamko hilo kwa kawaida hawajausoma kabisa.

Ndani, sinagogi ndilo lililonishika zaidi, kwa wavu wake wa shaba unaoning'inia kama hema. Kanisani, vipande vya mbao vinashuka kutoka darini mithili ya miale.

Upungufu ninaouona ni wa wazo lenyewe. Nostra Aetate linawataja Wahindu na Wabudha kabla ya kuwafikia Waislamu na Wayahudi, ilhali nyumba hii ni ya wana wa Ibrahimu peke yao. Wahindu, ambao ni wengi sana katika nchi hiyo, wana hekalu lao kubwa lililozinduliwa Februari 2024, nje kabisa ya mji. Kwa msomaji aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako sahani za Idi na za Krismasi huvuka ua bila hati yoyote, mambo mengine ya hapa yataonekana kuwa na itifaki kupita kiasi.

Mkatoliki anayekwenda ningemshauri aanze na sinagogi, kisha msikiti, na kanisa aliache la mwisho.