Waziri ndani ya Bunge au nje yake?

Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, waziri wa Kenya alikuwa mbunge. Akiulizwa kuhusu barabara mbovu, alisimama palepale akajibu, na muulizaji akambana kwa swali la nyongeza. Ubaya wake: uwaziri uligeuka chambo cha kuwanyamazisha wabunge.

Katiba ya 2010 ikawatoa mawaziri. Bunge jipya, Spika akiwa Justin Muturi, likawapiga msasa walioteuliwa kabla hawajaapishwa. Kwangu mimi, hapo mfumo mpya unashinda. Ila maswali yalihamia kwenye kamati, na mara nyingi mwenyekiti ndiye aliyesoma majibu ya wizara asiyoiongoza. Ukimchimba zaidi, hana la ziada. Baadaye kanuni za kudumu zikabadilishwa, mawaziri wakarudi ukumbini kujibu wenyewe, bila kura.