Uzoefu wangu: kuwinda grausi wa milimani Colorado na mwongozaji mwenye mbwa wake, hela inalipa au hailipi?

Jibu fupi inalipa. Nyota nne kati ya tano, ila zote nne nawapa mbwa na yule mzee mwenye mbwa, ile ofisi iliyotukatia bukingi sina cha kuwapa na hata jina lao silitaji hapa. Ngoja nielezee vizuri maana huku Denver na Aurora wapo Wabongo, Wakenya na Wakongo kibao wanaotamani kwenda kuwinda, hawajui waanzie wapi, wanaishia kuangalia video tu.

Kwa asiyemjua, grausi ni ndege jamii ya kina kwale na kuku, mnene, rangi ya kijivu imechanganyika na kahawia, ukimuona ametulia chini ya kichaka unaweza kumkanyaga hujamuona. Huyu wa kwetu Colorado ni dusky grouse, zamani yeye na mwenzie wa upande wa Pasifiki walihesabiwa ndege mmoja wanaitwa blue grouse, mwaka 2006 ndio wataalamu wakawatenganisha. Dume kubwa linafika kilo moja na robo hivi. Maajabu yake ni kwamba baridi ikianza, wakati wenzie wengi wanashuka mabondeni, yeye ndio anapanda juu zaidi, winter nzima anashinda juu ya misonobari anakula yale majani ya sindano. Mwanzo wa Septemba msimu unapofunguliwa bado yuko pembezoni mwa miti ya aspen na vichaka anafukuzia panzi na matunda pori, kwahiyo hapo ndio ana unafuu kidogo wa kufikika. Kidogo lakini.

Makaratasi kwanza, maana ofisi haikutuambia kitu. Ukiwa umezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949 (yaani sisi wote) lazima uwe na cheti cha hunter education, yaani mafunzo ya uwindaji, unasoma hata mtandaoni. Halafu unakata leseni ya small game, yaani ya wanyama na ndege wadogo, halafu kuna kanamba ka takwimu za wawindaji kanaitwa HIP unajisajili kila msimu, na hako HIP ndio wengi wanakasahau. Wale walioko kwa visa ya muda na sio green card, jamani ongea na mwanasheria KABLA hujashika bunduki, hata ya kuazima, sheria ya silaha ya Marekani kwa wenye visa haina utani, ina vipengele vyake na leseni ya uwindaji ni kimojawapo, usimsikilize mshikaji wa baa.

Bei ilikuwa dola 400 kwa kichwa, siku moja, bunduki za kuazima humo humo, tip ya mwongozaji nje ya hapo. Tulikwenda watatu, mimi mtu wa Singida, mshikaji wangu wa Mombasa, na kaka mmoja wa Bukavu tunayemuheshimu kwa umri ila kwa utani hana mpinzani. Kwenye tangazo waliandika "mwendo wa wastani, unafaa familia". Familia ya nani sijui, labda ya mbuzi. Mzee alituanzisha kabla jua halijatoka, tukapanda mpaka kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwa waliopanda Kilimanjaro njia ya Marangu hapo umeshaipita Mandara unaitafuta Horombo, tofauti ni kwamba kule unaenda pole pole kwenye njia, huku unamfuata mbwa, na mbwa hajui habari ya njia. Anakata mteremko, anaruka magogo, anapita chini ya seng'enge, na wewe umebeba bunduki, maji na kizibao chenye risasi. Kuishi Denver kunakusaidia kidogo lakini mapafu yanajua utofauti. Kaka wa Bukavu alisimama akashika magoti akasema, "Mie naona hapa hewa iliishaka, ile ilibakia imbwa zimeikunywa."

Sasa mbwa. Hapa ndio hela yako inakwenda na hapa ndio sina lawama hata moja. Walikuwa wawili, jike moja zee jamii ya English setter, jeupe lina madoa, linatembea kama halina haraka, na dume kijana German shorthaired pointer ambalo lenyewe lilikuwa ni mbio tu. Kila mmoja kavaa kola ya GPS na mzee ana kimashine mkononi kinamwonyesha mbwa yuko upande gani na umbali gani, akiganda baada ya kunusa ndege kinalia. Mzee akatueleza kitu ambacho sikukijua, kwamba asubuhi mapema kukiwa na umande harufu inakaa chini mbwa anainusa vizuri, jua likishapanda na hewa ya mlimani ilivyo kavu, pua inakuwa haina kazi, mbwa anabaki anahema tu mdomo wazi. Ndio maana ule mwanzo wa usiku usiku, na ndio maana maji mengi aliyobeba mgongoni yalikuwa ya mbwa sio yetu.

Mara ya kwanza lile jike kunusa ndege nitasimulia maana nililipia hiyo. Lilikuwa linapita pembeni ya vichaka, ghafla likageuza kichwa likaganda hapo hapo, mguu mmoja wa mbele uko juu, mkia umenyooka, hata kope halipepesi. Lile kijana lilikuwa mbali linakuja mbio, lilivyomuona bibi amesimama nalo likaganda huko huko lilipo, halijanusa chochote, ni heshima tu kwa mkubwa. Kaka wa Bukavu akanong'ona, "Ona adabu, watoto yangu hawajafikaka hapo", na kuanzia hapo lile jike akalibatiza Mama Mukubwa. Mzee akatupanga, mmoja kushoto, mmoja kulia, yeye akaingia katikati kufurusha. Kimya. Akapiga teke kichaka. Kimya. Mbwa bado kaganda, jicho halihami. Hatua nyingine moja, mlio kama mtu anakung'uta blanketi karibu na sikio lako, ndege huyo ameshatoka na anateremkia bondeni kwa spidi ambayo marisau yangu yote mawili yalienda kusalimia miti. Mshikaji wa Mombasa naye akakosa. Nikafungua bunduki haraka nijaze nyingine, na mzee anapiga kelele "subiri, subiri", kumbe hawa ndege mara nyingi wanakaa familia nzima na hawaruki wote pamoja, na hapo hapo akaruka wa pili, akaruka wa tatu, sisi wote bunduki ziko wazi tunawaangalia tu wanavyoondoka. Kaka wa Bukavu ambaye hata hakuwa amepiga ndio alikuwa na risasi na ndio aliyempata wa tatu. Na hajatuachia kupumua mpaka leo.

Na kumbuka wanavyoruka huwa wanateremka. Yaani umepanda saa nzima unatoka jasho, ndege anatumia sekunde tano kurudi chini ulikotoka. Mzee anasema usimfuate, endelea juu utapata mwingine, na yuko sahihi, ila roho inauma.

Kingine kilicholeta ubishi ni wale wanaopaa juu ya mti wakakaa. Grausi akishakaa kwenye tawi anakuangalia tu, hana habari, Wamarekani wanamwita kuku mjinga kwa tabia hiyo. Mmoja alikaa kwenye msonobari usawa ambao ungemrushia jiwe. Kaka wa Bukavu akainua bunduki, mzee akasema hapana, kwangu hapigwi ndege aliyekaa, akiruka ndio unapiga. Sheria haikatazi, ni utaratibu wake yeye. Bwana, ule mjadala! "Nyama iko pale inaniangalia, nami niko hapa na njaa, na mutu ananiambia ningoje iruke?" Mzee akarusha kijiti, ndege akaruka upande wa pili wa mti ambako hakuna mtu, akaenda zake. Mimi binafsi nilikubaliana na mzee, na nilisema kwa sauti, na nililipia hiyo kauli kwa matusi ya kirafiki njia nzima.

Sasa kuhusu mshikaji wa Mombasa. Huyu ni mtu wa swala tano, na mbwa kwake mnajua mambo yalivyo, asubuhi kwenye gari alikaa amejibana mlangoni, "Hebu jibwa hilo lisinikaribie yakhe, nina udhu." Kila akipiga anatanguliza Bismillahi, ndege akianguka angali hai anamuwahi na kisu, na mzee tulishamweleza akaelewa vizuri tu, akawa anamzuia mbwa kidogo ili jamaa awahi. Hiyo ni huduma ambayo sidhani kama iko kwenye brosha yoyote. Mchana lile dume kijana likaingia kwenye magogo likatoka linalia, mdomo umejaa miiba ya nungunungu. Mzee akatoa koleo kwenye mfuko, akasema nahitaji mtu amshike kichwa kwa nguvu asitikisike, miiba ile nchani ina vijimeno kama vya ndoano, ikivunjika ndani inazidi kuzama. Mimi niko mbali na bunduki, kaka yetu yuko mteremkoni anatafuta pumzi. Aliyekuwa karibu ni mtu wa Mombasa. Nikamuona anavua jaketi, analifunga kichwa cha mbwa, anakikumbatia kifuani, "Twaa, ng'oa, ng'oa haraka." Mbwa anatetemeka, mate na damu vinamchuruzika mikononi, na yeye anambembeleza kwa Kiswahili, pole baba, pole, yaisha hiyo. Ulipotoka wa mwisho akashuka kwenye kijito, akaosha mikono mara saba, moja kwa udongo kama inavyotakiwa, sisi tumekaa tunamsubiri. Mzee akauliza anafanya nini, nikamweleza, akavua kofia. Baada ya hapo kwenye gari kurudi lile dume lilikaa miguuni pake na hakulisogeza, alisema tu nguo zishaharibika, zitaoshwa zote.

Jumla tulitoka na ndege wanne. Ruhusa ni watatu kwa mtu kwa siku, kwahiyo watatu sisi tungeweza kurudi na tisa, na ukiangalia hela kwa ndege utalia, ndege mmoja ametugharimu zaidi ya dola 300 ukiweka na tip, bila mafuta. Kama hesabu yako ni hiyo nenda supamaketi ya Costco. Mzee aliwapasua kwenye boneti ya gari akatuonyesha kale kamfuko ka shingoni wanakohifadhi chakula, kamejaa panzi na vitunda vyekundu, akasema hii ndio ramani, kesho unatafuta mahali penye vitu hivi. Pia kuna mapipa yamewekwa na idara ya wanyamapori ya jimbo, Colorado Parks and Wildlife, ukitoka unadumbukiza bawa moja la kila ndege kwenye bahasha, wataalamu wanasoma kwenye manyoya kama alikuwa mkubwa au mtoto, dume au jike, wanajua mwaka umekwendaje. Bure, hulipwi, ila tulitia yote.

Nyama ni nyeupe, laini, haina ule ukali wa ndege wa porini wengi. Ilipikwa ya nazi nyumbani kwa mtu wa Mombasa, mkewe alisimamia, firigisi zikapiganiwa, na nawaambia kuku wa supamaketi sitaki kumuona tena.

Malalamiko sasa, yote ni ya ofisi. Moja, hilo tangazo la familia, mtu mwenye presha au magoti mabovu angeumia kule. Mbili, HIP tuliambiwa na mzee mwenyewe jana yake usiku kwa simu, tusingepatikana siku ingekufa. Tatu, tuliandika kabisa kwenye fomu kwamba mmoja wetu ni Muislamu, chakula cha mchana kikaja mkate wenye nyama ya nguruwe, mzee ndio akampa jamaa mkate wake yeye wa siagi ya karanga akasema hana njaa, na alikuwa na njaa, nilimuona anatafuna matunda pori. Nne, nilivyowapigia kulalamika nikaambiwa nitatumiwa fomu, naisubiri mpaka leo.

Ukitaka kwenda, ushauri wangu: ruka madalali, mtafute mwenye mbwa moja kwa moja, na hakikisha kasajiliwa na jimbo, Colorado wana ofisi inayosajili waongozaji na kwenye ardhi ya msitu wa taifa anatakiwa awe na kibali cha Forest Service, idara ya misitu ya Marekani, muombe akuonyeshe, wa kweli haoni aibu. Muulize mbwa wake wana umri gani na wanafanya kazi masaa mangapi kabla hawajachoka. Viatu viwe vile ulivyovitembelea tayari, sio vipya. Risasi namba 6 zinatosha. Maji beba mara mbili ya unavyodhani.

Sisi namba ya mzee tunayo na tarehe za Septemba tumeshazishika kwake, nafasi ya mtu wa nne ipo, masharti mawili tu, awe amefanya mazoezi na awe tayari kusikia habari za yule ndege wa tatu kutoka kwa kaka wa Bukavu kuanzia Denver mpaka kileleni.