Willy Gamba: nimemaliza vitabu vinne, kile cha Hofu ndo kimenishinda kukipata

Wakuu, kama hujawahi kusoma riwaya za mpelelezi Willy Gamba za mwandishi Elvis Musiba anza na Kufa na Kupona, kile cha 1974, usirukie vingine. Mi nilianza na Njama kwa sababu ndo kilikuwepo kwenye meza ya mitumba siku hiyo na nikajuta, maana kesi ni mpya kila kitabu lakini unajiona kama umeingia kwenye harusi katikati, wote wanajuana wewe tu ndo mgeni.

Ngumi sio kilichonivuta, tena ngumi zinazidi aisee, mtu mmoja analaza watu kibao na suti haikunjamani, na kila mrembo lazima amtamani Willy, hapo nilikuwa naruka kurasa. Utamu ni kwamba adui hajatungwa. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa hapahapa Dar, Frelimo wa Msumbiji walikuwepo, ANC wa Afrika Kusini walikuwepo, na Mondlane, kiongozi wa Frelimo, aliuawa Oysterbay 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, kitabu jamani! Sasa mtu akikuandikia nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibiwa Dar na Willy anatumwa Nairobi kuzifuata, utamwambia kaongeza chumvi? Na mimi hizo riwaya nazinunulia mtaa wa Samora, jina la kiongozi mwingine wa Frelimo, we fikiria.

Halafu Willy hazeeki. Kuanzia 1974 mpaka Uchu ya 2000 jamaa hana mvi, ila uwanja wa vita unahama, leo Nairobi, Kikosi cha Kisasi yuko Kinshasa, na ukifika Uchu makaburu wameshaachia nchi na Mandela keshatoka hadi madarakani, kwa hiyo hata kabla hujafungua unajiuliza huyu sasa atapigana na nani. Hiyo hamu ndo ilinifanya nimalize vinne ndani ya mwezi.

Malalamiko yangu ni nakala. Kikosi cha Kisasi niliuziwa elfu kumi, kufika nyumbani kumbe fotokopi iliyobandikwa jalada, ukurasa wa 112 unafuatiwa na 121. Nikarudi, muuzaji ananiambia "braza hizo kurasa hazina kitu." Hazina kitu! Kesho yake niko kwenye basi la mwendokasi natokea Kimara, mzee mmoja kaliona jalada, nikamwamkia, marahaba yake ikaunganishwa na "huyo kijana bado yupo tu?" Nikamwambia kuhusu zile kurasa. Akanisimulia kuanzia Ubungo mpaka Magomeni, anarusha mikono mpaka konda... samahani, mwendokasi haina konda, mpaka abiria wa mbele wakageuka. Sijui kama ndo Musiba alivyoandika au mzee alitunga yake, ila mi nimeikubali hivyohivyo.

Nyota 4, moja nimeikata kwa mambo ya warembo. Mwenye Hofu ya 1988, orijino, hata kama haina jalada, anicheki, bei tutaongea. Fotokopi sitaki.