Family Link kwenye simu ya dogo: naikubali, ila msiiachie kazi yote

Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, naona maswali ya hii Family Link ya Google (apu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto) hayaishi, ngoja niandike yote hapa. Ni nzuri, ni bure, iweke. Lakini usiiweke halafu ukajisahau, maana hii kitu ni kama imetengenezwa kwa nyumba ambayo kila mtoto ana simu yake, na za kwetu tunazijua, simu moja inazunguka kuanzia baba mpaka kitindamimba.

Iko hivi. Kwenye simu yako unadaunlodi apu ya Family Link, kwenye simu ya mtoto unamfungulia akaunti yake ya Google kwa tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa (msimuongezee miaka jamani, ukishamwandika mtu mzima huko ndani anahesabiwa mtu mzima kweli), unaiunganisha na Gmail yako, basi. Kuanzia hapo akitaka apu yoyote Play Store ombi linakuja kwako, unaruhusu au unakataa. Wangu yuko darasa la nne, maombi yake ni magemu tu, Free Fire ameiomba mpaka amechoka mwenyewe. Na zile apu za kurushiana kwa Xender nazo zina sehemu yake kwenye setingi, panapohusu apu za kutoka vyanzo visivyojulikana, hakikisha pamefungwa maana madogo wa mtaani ndo njia yao hiyo.

Kilichonikosha ni mambo ya muda. Unapanga kwa siku atumie kiasi gani na usiku simu ijifunge saa ngapi, ikifika inajifunga, anune asinune, ila ukimpigia anapokea. Hakuna tena kunyang'anyana simu sebuleni mbele ya wageni. Jueni tu amri zako zinapita kwenye intaneti, kwahiyo simu ya mtoto ikiwa haina bando ile amri mpya haifiki mpaka iwashwe data, za zamani zinabaki palepale. Likizo ya mwezi wa 12 dogo yuko Newala kwa bibi yake, bando hakuna, simu imejifunga, napigiwa: "Mwanangu, hili lisimu lenu limegoma, linataka namba." Nikamwambia subiri mama nakutajia. Kwenye apu ya mzazi kuna namba za siri za kufungulia, zinafanya kazi hata simu haina intaneti, bibi akaandika moja moja huku akizisoma kwa sauti, ikafunguka. Hapo nikasema hawa watu wamefikiria.

Kuonesha mtoto yuko wapi inaonesha, ili mradi simu ina chaji na data. Sina la kuongeza hapo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Family Link haisomi meseji za WhatsApp. Inaweza kuibloki WhatsApp yote au kukuonesha kaitumia kwa muda gani, ila nani kamwandikia mtoto na kamwandikia nini haijui, na WhatsApp wenyewe wanasema umri ni kuanzia miaka 13, sasa niambieni darasa la nne wangapi wanayo. Na hata asipokuwa nayo, ya shangazi si ipo? Ndo kasheshe ya kwetu hiyo. Mtoto wa miaka 5 anapewa simu ya shangazi aangalie katuni ili watu wapike, na simu ya shangazi ina group la ukoo, group la kikoba, group la harusi, kuna mtu huko karusha video ya ajabu saa tano usiku, imejidaunlodi yenyewe ipo galari inasubiri. Family Link hapo haina msaada wowote kwasababu simu haina akaunti ya mtoto. Dawa yake ni setingi za simu ya huyo huyo shangazi: zima midia zisijidaunlodi, weka alama ya kidole kwenye WhatsApp, na kabla hujamkabidhi mtoto bandika skrini kwenye katuni, Android nyingi zinayo hiyo ipo upande wa usalama, mtoto anabaki kwenye apu moja na hatoki bila pini yako. Na kwa watoto wakubwa wenye WhatsApp zao, ingia faragha, kwenye magroup weka wanaoweza kumuongeza wawe ni namba alizozisevu tu. Dakika moja hiyo.

Halafu msimu wa korosho ndo huu watu wananunua simu, muwe makini na mafundi wa kuwasetia. Jirani yangu kampelekea fundi simu ya binti yake aiwekee Family Link, kalipa na hela, kumbe fundi katumia Gmail yake mwenyewe upande wa mzazi! Binti akiomba apu ombi linaenda kwa fundi, simu ikijifunga mama mtu anampigia fundi amuombe amuongezee mwanae muda. Na mahali binti alipo yule kaka anapaona, hebu fikirieni. Fanya mwenyewe, ukishindwa muite kijana wa nyumbani unayemuamini na Gmail iwe yako na pasiwedi unaijua wewe.

Na kama umeshakuta mtu mzima anamuomba mwanao picha, usifute chati kwa hasira na usimpige mtoto. Chukua skrinishoti za maneno na namba ya huyo mtu, nenda polisi dawati la jinsia na watoto, au piga 116, ile Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure. Kama kuna picha ya mtoto mle usiirushe group lolote hata kwa nia ya kuonya watu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiangalii nia yako nzuri.

Nyota nne kwa tano. Aliyeuliza kuhusu iPhone, ya mzazi inakubali vizuri, ya mtoto ndo inatakiwa iwe Android ili hayo mambo ya kufunga muda yafanye kazi.