DaVinci Resolve kwa tunaofanya vipindi vya TV: inafaa?

Wadau habari zenu. Vijana wengi wananiuliza waediti kwa programu gani, maana wanatoka kwenye video za harusi na nyimbo wanaingia kwenye tamthilia na vipindi vya TV wanakuta mambo mengine kabisa, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa kuhusu DaVinci Resolve kwa sababu ndiyo tunayofanyia kazi ofisini kwetu hapa Dar.

Wengi bado wanaijua kama programu ya kurekebisha rangi za picha tu. Ni kweli ilianzia huko, ila Blackmagic Design, wale wa Australia, waliinunua kampuni ya da Vinci mwaka 2009, 2014 wakachukua Fusion ya efekti, 2016 wakachukua Fairlight ya sauti, na vyote vikaja kuingizwa humo humo. Na kwangu mimi utamu wake uko hapo kuliko hata kwenye rangi. Kipindi cha kila wiki kinachosumbua siyo kukata, ni kupeana kazi. Mhariri kamaliza, katoa faili la mtu wa rangi kwa programu nyingine, katoa lingine la fundi sauti, afu prodyuza anaangalia anasema sini ya tatu punguzeni sekunde kumi, basi wote watatu wanarudi mwanzo na kipindi kinaenda hewani kesho. Kwenye Resolve taimlaini, yaani ule mstari unaopangia klipu, ni ile ile moja, mhariri anapunguza zile sekunde na rangi inabaki pale ilipo, fundi sauti akifungua ukurasa wa Fairlight anakuta katio jipya tayari, atarekebisha maungio ya muziki na ambiensi (sauti za mazingira) lakini haanzi upya. Hicho kitu kimetuokolea usiku mwingi sana wa kukesha, nasema kutoka moyoni.

Kuhusu sauti ngoja nikae kidogo maana hapa ndipo kazi nyingi za vijana zinarudishwa. Unapeleka kipindi kizuri, picha safi, kituo wanakwambia sauti haijakaa, na wewe ulisikiliza kwa hedifoni ukaona poa. Televisheni haipimi kwa sikio, inapima kwa LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, na namba ikikaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Kipimo cha Ulaya, EBU R128, ni -23 kwa kipindi chote, Wamarekani wanatumia -24, na YouTube wao wanashusha kitu kikizidi karibu na -14. Kwa hiyo kipindi ulichokiweka sawa kwa YouTube ukikipeleka TV vilevile kitapiga kelele kuliko vipindi vingine. Fairlight ina mita ya kupima hiyo na ipo hata kwenye toleo la bure, sasa waombe kituo chako namba yao kwa maandishi kabla hujaanza kumiksi, siyo siku ya kukabidhi.

Kitu kingine ni fremu. Sisi umeme wetu ni 50Hz, shuti kwa fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, taa za ndani hazitachezacheza. Na kwenye Resolve hakikisha umeweka 25 kwenye setingi za projekti KABLA hujaburuta klipu hata moja kwenye taimlaini, kwa sababu ukishaweka klipu ile namba ya projekti inafungwa, haibadiliki tena. Klipu za simu ziangalie mara mbili, simu nyingi zinarekodi fremu zinazopanda na kushuka, matokeo yake kadiri mahojiano yanavyokuwa marefu mdomo na sauti vinaachana. Hizo zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, uzifanye fremu zisizobadilika, ndo uziingize.

Sasa ubaya wake. Inakula mashine, tena inakula hasa. Wenyewe wanasema RAM 16GB, na 32GB kama unagusa Fusion, na kadi ya picha iwe ya maana maana karibu kila kitu kinapita huko. Ukiwa na laptop ya 8GB isiyo na kadi yake utateseka bure, bora uendelee na unachotumia sasa hivi mpaka upate mashine. Kwa wenye mashine ya katikati tengenezeni proksi, yaani nakala nyepesi za klipu unazokatia, halafu wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, inarudi yenyewe kwenye klipu halisi. Fusion nayo kwa grafiki ndogo ndogo kama jina la mgeni chini ya skrini mi naona ni nzito kuliko kazi yenyewe, tunatumia taitoli za kawaida tu.

Toleo la bure linatoa mpaka 4K ya UHD na halina nembo juu ya video, kwa TV zetu ambazo nyingi kazi ni HD linatosha kabisa. Shida inakuja kwenye kamera hizi mpya zinazorekodi 10-bit (rangi nyingi zaidi kuliko 8-bit ya kawaida), kwenye Windows toleo la bure klipu za H.264 na H.265 (mifumo ya kubana video) za namna hiyo zinakupa sauti tu picha hakuna, na watu wanadhani kadi ya kamera imekufa. Haijakufa. Ama ubadilishe klipu ziwe ProRes au DNxHR, mifumo ya video ya kueditia, ama ununue Studio, yaani toleo la kulipia. Studio ni dola 295, kwa hela yetu zaidi ya laki saba, unalipa mara moja, na mpaka sasa waliolipa wameendelea kupata matoleo mapya bila kuongeza hata senti. Unapata pia kupunguza punje punje za picha za usiku, na kwa tamthilia zetu za kushuti usiku na taa mbili hiyo peke yake inarudisha hela.

Umeme ukikatika haikuumizi sana, inajisevu kila unapogusa kitu, ila ingia kwenye setingi uhakikishe Project Backups (nakala za akiba za projekti) imewashwa. Na kumbuka hiyo inatunza projekti, haitunzi klipu zako, klipu ziwe kwenye diski mbili tofauti.

Mafunzo wanatoa bure kwenye tovuti yao, vitabu na klipu za kufanyia mazoezi, na kuna mtihani ukifaulu unapata cheti. Anzeni na kitabu cha kuediti, manuali yenyewe ina kurasa zaidi ya 3,000 hiyo ni ya kufungua ukikwama tu. Na hizi zinazouzwa mitaani za kukraki achaneni nazo kabisa, la bure lipo na linafanya kazi. Ukiamua kununua Studio, key moja, yaani namba ya kuiwashia, inawasha mashine mbili, ya ofisini na laptop ya lokesheni.