Geji ya vakyumu imenikamatia sailensa iliyonishinda miezi mitatu

Pikapu yangu ni ya zamani, silinda 6, kabureta, haina kompyuta wala sensa ya kukusemea. Kwa miezi mitatu injini ikishapata moto ilikuwa inanguruma kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, wakati kibandiko cha chini ya boneti kinataka sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) iwe 750. Ukiachia klachi gari linakurupuka. Ukizima swichi, injini inakohoa mara mbili tatu ndipo ikubali kulala.

Nilianza na bisibisi, kama wengi wetu. Nikalegeza skrubu ya sailensa mpaka ncha yake haigusi kitu, injini ikaendelea na mbio zake. Kebo ya aksileta nikaichomoa, hakuna tofauti. Kamu ya choki, inayopandisha mizunguko injini ikiwa baridi, nayo ilikuwa imeshashuka. Jibu lilikuwa hapo hapo: bataflai (kile kibati cha kabureta kinachofungua na kufunga njia ya hewa) imefunga na injini bado inakimbia, maana yake inavuta hewa kwa tundu jingine. Sikulisoma. Nikanunua seti ya gasketi za kabureta, nikaifumua yote, nikasafisha jeti, nikapima floti, nikarudishia. Kabureta ikang'aa kama sahani ya wageni na sailensa ikabaki palepale.

Ndipo nikachukua geji ya vakyumu, inayopima injini inavyofyonza hewa, ile ya mshale, ya kawaida kabisa. Unaichomeka kwenye tundu la manifoldi (njia ya kupeleka hewa kwenye silinda), chini ya bataflai, unawasha, unasoma. Injini nzima ya aina hii, ikiwa imepata moto na uko usawa wa bahari, husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki na mshale unatulia. Yangu ilisoma 14, imetulia tuli. Usomaji wa chini usiotikisika huwa ni taimingi (wakati wa cheche za plagi) iliyochelewa au hewa inayoingia kwa wizi. Taimingi nilikuwa nimeshaipima kwa taa, iko sawa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kubana. Nikabana paipu moja moja kwa koleo huku macho kwenye mshale: ya busta ya breki, hakuna kitu, ya mvuke wa injini, ulisogea kidogo tu, ile nyembamba ya distributa, hakuna kitu. Basi nikanyunyiza maji kwa chupa kuzunguka kitako cha kabureta. (Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini inawaka, na manifoldi ya moshi iko shibiri moja kutoka hapo.) Upande wa nyuma, nisikoweza kuona bila kioo, mlio ukabadilika na mshale ukaruka.

Nilipofungua nikakuta kile kipande kinene cheusi kinachokaa kati ya kabureta na manifoldi kuzuia joto kina ufa mwembamba kama unywele. Kwenye seti ya gasketi hakimo, kwa hiyo mara ya kwanza nilikirudisha chenyewe na ufa wake, tena nikakikaza kwa nguvu. Nadhani hapo nilikiongezea.

Kipya kilipoingia, injini ilizimika mara tu nilipoiwasha, kwa sababu skrubu nilikuwa nimeilegeza mno. Sijawahi kufurahia gari kuzimika kiasi kile. Nikairudisha taratibu hadi 750, nikarekebisha skrubu ya mchanganyiko, mshale ukapanda mpaka 19.

Kuhusu geji yenyewe: paipu yake ni fupi, huwezi kukaa kwenye usukani ukaisoma. Mwanzoni kwenye sailensa mshale ulitetema mpaka nilipobana paipu kidogo kwa kifungo cha plastiki. Zile rangi za kijani na nyekundu usoni pake usiziamini sana ukiwa nyanda za juu, maana kila mita 300 unazopanda zinakula karibu inchi 1, na injini nzima inaweza kuonekana mgonjwa. Kipimo cha pili cha shinikizo la pampu ya mafuta sijakigusa. Karatasi ya maelekezo ina herufi ndogo kama mchwa.

Nimeipa nyota nne. Ya tano imeliwa na paipu, ambayo nimeshaibadilisha kwa ya mita moja na nusu.